Hela ya Gemu na Ushanga wa Ujiji

Bibi yangu aliwahi kuishika simu yangu mara moja tu, na siku hiyo aliuliza swali lililonikalisha na vitabu karibu mwaka mzima. Tulikuwa barazani kwetu Makere, umeme umekatika, chaji imebaki kidogo, nami nikapiga ukelele wa furaha kama mtu aliyeona goli. Akataka kujua kuna nini. Nikamwambia, bibi, nimeuza ngozi, nimepata fedha milioni mbili. Akageuka huku na huku kuitafuta hiyo ngozi. Akaichukua simu, akaitazama, akanirudishia.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania, "hiyo fedha yako inanunua chumvi?"

Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Gemu lenyewe ni Albion Online. Limetengenezwa na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, likatoka rasmi Julai 2017, na tangu Juni 2021 linachezwa hata kwenye simu, ndipo sisi wa bando la wiki tulipoweza kuingia. Wengi hulichezea vita. Mimi nililichezea soko. Humo kuna miji, na kila mji una soko lake lenye bei zake: mbao za Lymhurst si bei moja na mbao za Fort Sterling. Martlock ndiko ngozi mbichi inakochakatwa kwa faida zaidi. Basi unanunua ngozi pale ilipo rahisi, unampakia maksai wako mzigo, unatembea nayo mpaka inakotakiwa, unalipa ada ya kuweka oda, unakatwa kodi ya mauzo, na kinachobaki ni chako. Na ukitaka faida kubwa unaelekea Caerleon, mji wa katikati, ila njia zake zinapita kwenye maeneo mekundu. Huko mchezaji mwingine akikuua anaondoka na kila kitu, hata viatu.

Sarafu yao inaitwa fedha. Najua kwa Kiingereza wanamaanisha ile madini, lakini kwa Kiswahili neno ni hilohilo moja, na kwangu mimi halikuwa na mzaha. Kwa sababu mwaka ule mdogo wangu wa kike alipata nafasi chuo cha uuguzi, ada ilikuwa inatafutwa nyumba nzima, na mimi kaka mtu nilikuwa na fedha milioni mia moja na kitu. Nilikaa nikapiga hesabu. Gemu lina sarafu ya pili, dhahabu, ambayo kampuni inaiuza kwa hela halisi, na wachezaji huibadilishana kwa fedha kwa bei inayopanda na kushuka. Kwa bei ya siku ile mali yangu ilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi laki mbili. Laki mbili! Na sikuweza kutoa hata mia mbili.

Hapo ndipo swali la bibi liliponirudia. Mwanzoni nilidhani ni swali la mtu asiyejua mambo ya kisasa. Kumbe kwa mtu wa Buha hilo ni swali la zamani sana.

Chumvi yetu ilitoka Uvinza, kule mto Ruchugi unakoingia Malagarasi. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale miaka ya 1960 wakakuta dalili za watu kuchemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu walikwenda kiangazi, kutoka Buha na nchi nyingine za jirani, wakakata kuni, wakachemsha maji usiku na mchana, wakawaachia watemi wa Wavinza sehemu ya chumvi yao, iliyobaki wakaibeba kichwani. Mchezaji yeyote wa gemu anaijua kazi ya namna hii: kitu kilekile, mara elfu, ili upate kitu ambacho mwingine atakipokea. Chumvi ilipokelewa karibu kila mahali. Uliweza kuilia ugali, na uliweza kuibadilisha kwa jembe au mbuzi.

Ila ukishuka na chumvi yako mpaka Ujiji, ziwani, ulikutana na sarafu nyingine.

Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakakuta soko. Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika Februari 1874, na ndiye aliyeandika jambo lililonifanya niweke simu chini. Sokoni Ujiji, anasema, bei za vitu zilitajwa kwa ushanga uitwao sofi, vipande vifupi vinavyofanana na mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi soko likianza, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwabadilishia wanaotaka kununua. Soko likiisha, watu walewale wenye mifuko walizipokea sofi kutoka kwa wauzaji na kuwabadilishia tena. Walipata faida asubuhi na wakapata faida jioni.

Niliisoma aya hiyo mara nne. Yaani Ujiji ya 1874 ilikuwa na sarafu ya ndani ya soko, na ilikuwa na watu wa mlangoni. Edward Hore, baharia wa London Missionary Society aliyefika mwaka 1878 na kukaa miaka mingi, naye anaeleza jinsi idadi ya mafungu ya sofi kwa kipande cha nguo ilivyobadilika kufuatana na wingi wa nguo zilizopo sokoni. Msafara ukiingia kutoka pwani na marobota ya merikani, nguo inashuka bei, ushanga unapanda. Hii ni chati ya dhahabu na fedha ninayoitazama kila asubuhi, tofauti ni kwamba ya Ujiji ilikuwa vichwani mwa watu.

Usidhani ushanga ulikuwa pesa ya kitoto. Mwanahistoria Karin Pallaver ameandika vizuri kuhusu ushanga kama pesa kwenye njia kuu ya misafara, na moja ya mambo yanayojitokeza ni jinsi kila nchi ilivyokuwa na ushanga wake. Ushanga mwingi ulitengenezwa Venice, ukapitia Zanzibar, lakini Venice haikuamua kitu: rangi iliyokubalika Unyamwezi ingeweza kukataliwa safari ya siku chache mbele. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alikuwa amebeba kokoto. Stanley alihangaika na jambo hili Zanzibar kabla hata hajaanza safari ya kumtafuta Livingstone, akiuliza ushanga gani unapokelewa wapi.

Na kwa kuwa nimemtaja Stanley, niseme kidogo juu ya maeneo mekundu, ingawa nje ya mada. Mwaka 1871 alipopita Buha kuelekea Ujiji alitozwa hongo ya nguo na mtemi mmoja, halafu akadaiwa na wengine mbele, mpaka akaamua kuutoa msafara wake usiku, kimyakimya, kupitia porini, ili asikutane na mtoza hongo mwingine. Katika kitabu chake hongo inaonekana kama unyang'anyi. Mimi niliyezaliwa huku naisoma kinyume kidogo: nchi ni ya watu, njia ni ya watu, na yeye ana marobota. Lakini nakiri kwamba usiku ninapomswaga maksai wangu kuelekea Caerleon, moyo wangu uko upande wa Stanley.

Sofi hazikufa kwa sababu watu walizichoka. Wajerumani walikuja na rupia, na mwishoni mwa miaka ya 1890 wakaleta kodi ya nyumba. Hapo sarafu ikapata nguvu ambayo ushanga haukuwa nayo: serikali inaitaka, na usipoitoa utaona. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ikashika visima vya chumvi Uvinza. Waingereza walipokuja wakaleta shilingi, na swali kwa Muha likawa moja tu, hiyo shilingi inapatikana wapi? Jibu lilikuwa mbali, mashamba ya mkonge ya Tanga. Babu yangu alikwenda kuwa manamba kama maelfu ya Waha wengine. Alikuwa na kipande, karatasi iliyochorwa siku za kazi, na siku isiyotiwa alama haikuwa siku. Bibi anasema alirudi na blanketi, baiskeli na kikohozi.

Kwa hiyo kwenda kwenye dunia ya mtu mwingine, kufuata kanuni zake ili upate sarafu yake, si jambo lililoletwa Makere na simu. Hata jirani tunaliona. Kambi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996, na huko unga na mafuta ya mgawo vimewahi kufanya kazi ya pesa, kwa sababu mtu hali unga mtupu, anahitaji pia mboga na sabuni. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya familia fedha taslimu badala ya mgawo. Mwaka 2017 mpango ukasimama, wakarudi kwenye unga.

Wataalamu wa uchumi nao waliligundua jambo hili kwenye magemu mapema kuliko nilivyodhani. Mwaka 2001 Edward Castronova, akifundisha California, alipiga hesabu ya uchumi wa Norrath, nchi ya kufikirika ya gemu la EverQuest. Alitumia bei za minada ya eBay ambako wachezaji waliuziana mali kwa dola halisi, akapata kwamba mchezaji alizalisha kama dola 3.42 kwa saa, na pato la kila mkazi liliiweka Norrath katikati ya Urusi na Bulgaria. Kwa nini aliweza kupiga hesabu hiyo? Kwa sababu mlango ulikuwa wazi pande zote mbili. Lakini Januari 2007 eBay ilianza kuondoa minada hiyo, na kampuni nyingi za magemu huyataja mauzo ya namna ile kuwa uvunjaji wa kanuni. Albion nayo inakataza.

Sasa nimeelewa tofauti, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilidhani fedha yangu si hela kwa kuwa ni ya kufikirika, iko kwenye kioo. Hapana. Sofi nazo ukizipeleka nchi isiyozitaka zilikuwa kokoto, na bado mvuvi wa Ujiji aliuza samaki wake kwa sofi bila hofu, kwa kuwa alijua jioni yule mwenye mfuko atakuwapo. Angemkata kidogo, lakini angezipokea. Kwenye gemu mwenye mfuko yupo asubuhi tu. Shilingi yangu akiletewa anaipokea mara moja, ananipa dhahabu. Jioni ikifika, nikija na mauzo yangu ya kutwa, sitamkuta. Wapo wa vichochoroni, nimeandikiwa na wawili, wote wakitaka nitangulize mzigo. Sikuwajibu.

Si kwamba nalaumu. Kanuni nilizikubali mwenyewe, nilibonyeza bila kusoma kama kila mtu. Na faida ipo: dhahabu niliyonunua kwa fedha zangu imenilipia uanachama miezi mingi bila kutoa shilingi. Nimelipwa kwa ruhusa ya kuendelea kufanya kazi.

Ada ya mdogo wangu ilipatikana. Bibi aliuza maharage, gunia tatu, kwa mnunuzi aliyekuja na gari toka Kasulu akapunja kwenye mizani kama kawaida yao. Mjomba akaongezea. Mimi nilitoa nilichopata kwa kubeba abiria na bodaboda ya rafiki wiki tatu. Siku ya kumsindikiza stendi, bibi akaniuliza kama ngozi zangu zinaendeleaje. Nikamwambia zimepanda bei Martlock.

"Basi uza," akasema. "Usingoje zishuke."