Kombi Haifi Siku Moja

Ukikuta Kombi ya zamani imelala kwenye uwanja wa vyuma chakavu, nyasi zimeota mpaka dirishani, usiwahi kusema, "Aa, mkweche tu huo!" Gari hilo lenyewe lilizaliwa kwa kuunga-unga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani, kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Jeshi lilipozitaka tena mashine zake za kunyanyulia mizigo, kazi ingelala. Ikabidi wachukue chasisi ya Beetle na kuunda kigari bapa cha kubebea spea mle kiwandani. Mwaka 1947 Mholanzi mmoja, Ben Pon, alikiona. Tarehe 23 Aprili akachora kwenye daftari lake gari kama sanduku, injini nyuma. Mwaka 1950 Kombi zikaanza kutoka. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kuzigeuza nyumba za safari, zenye vitanda na makabati.

Undugu na Beetle ndio unaoziokoa hadi leo. Injini ni za ukoo mmoja, zinapozwa kwa hewa, na spea nyingi zinaingiliana. Tena Brazil waliendelea kuunda Kombi hadi mwaka 2013. Lakini jiko, sinki na paa la kuinuka la Kombi ya kulala, hivyo utavipata wapi? Beetle haina. Ndiyo maana wapenzi wa magari haya Ulaya na Marekani hupekua viwanja vya vyuma chakavu: kutu imekula sakafu, lakini kabati bado zima. Maiti moja inaponya wagonjwa watatu.

Hapo ndipo penye mgogoro. Mnunuzi wa chuma chakavu hupima kilo, basi. Kumbe Kombi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina kibati kidogo cha namba ndani, kinachoeleza siku gari lilipoundwa, lilipelekwa nchi gani, na liliagizwa na vifaa gani. Kikiyeyushwa, gari limekufa bila jina.

Sisi tunaojifunza kuandika tulitazame hilo. Kung'oa jiko si dhambi. Linakwenda kupika kwingine. Ila kabla ya kushika spana, shika kalamu, unakili kile kibati.