Adhabu Inayosubiri Video: Ligi za Marekani na Ukatili wa Nyumbani

Februari 15, 2014, katika hoteli ya kamari ya Revel mjini Atlantic City, Ray Rice, mchezaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Baltimore Ravens, alimpiga mchumba wake ngumi ndani ya lifti hadi akapoteza fahamu. Siku chache baadaye ikasambaa video ikimwonyesha akimburura kumtoa nje ya lifti hiyo. Julai, kamishna wa ligi ya NFL, Roger Goodell, akamfungia mechi mbili. Septemba 8 ikatoka video ya pili, hii ya ndani ya lifti, na ngumi yenyewe ikaonekana. Siku hiyohiyo Ravens wakavunja mkataba wake, naye Goodell akamfungia kwa muda usiojulikana. Kosa lilikuwa lilelile moja la Februari. Kilichobadilika ni kile ambacho umma ulikiona. Ligi zina haki, na kwa maoni yangu zina wajibu, wa kuwaadhibu wachezaji wao kwa ukatili wa nyumbani bila kungoja hukumu ya mahakama. Lakini haki hiyo inapoteza uhalali pale adhabu inapopimwa kwa hasira ya watazamaji badala ya yale yaliyothibitishwa na uchunguzi.

Ligi ilijitetea kwamba ilipotoa adhabu ya kwanza haikuwa imeelezwa ukweli wote. Barbara Jones, aliyekuwa jaji wa mahakama ya shirikisho na ambaye alisikiliza rufaa ya Rice, alilikataa dai hilo Novemba 28 mwaka huohuo. Alibaini kwamba katika kikao cha Juni 16 Rice hakumpotosha kamishna kuhusu alichokitenda. Adhabu ya pili, basi, ilikuwa ni kumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja, na akaifuta. Kikao hicho kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwanamke aliyepigwa alihojiwa huku aliyempiga, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameshafunga naye ndoa, ameketi chumba hichohicho pamoja na wakubwa wa ligi na wa timu. Askari yeyote wa dawati la jinsia anajua kwamba jambo la kwanza ni kuwatenganisha wawili hao. Ligi yenye mapato ya mabilioni ya dola na mawakili wasiohesabika ilishindwa kutimiza hata hilo, na uchunguzi uliofanywa namna hiyo usingeweza kuzaa adhabu ya haki kwa upande wowote.

Agosti 2014 Goodell alikiri kwamba alikosea, akatangaza kuwa kosa la kwanza litamfungia mchezaji mechi sita. Sera mpya haikuondoa tabia ya zamani. Mwaka 2016 Josh Brown, mpiga mikwaju wa New York Giants, alifungiwa mechi moja tu. Oktoba, nyaraka za polisi katika jimbo la Washington zilipowekwa hadharani, yakiwemo maandishi yake mwenyewe yaliyokiri kumnyanyasa mkewe, timu ikaachana naye. Safari hii palikuwa na karatasi badala ya kamera, lakini mwendo ulikuwa uleule: adhabu ilikuja kuwa nzito baada ya watu kusoma.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: ligi ikae pembeni, mahakama iamue, kwa kuwa kila mtu huhesabiwa hana hatia hadi ithibitike vinginevyo. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau jinsi kesi hizi zinavyokufa. Greg Hardy, mchezaji wa Carolina Panthers, alitiwa hatiani na jaji mwaka 2014. Alipokata rufaa ili asikilizwe na baraza la wazee wa mahakama, mlalamikaji hakupatikana tena, na Februari 2015 mashtaka yakafutwa. Kufutwa kwa mashtaka si ushahidi kwamba hakuna aliyepigwa. Isitoshe, mahakama ya jinai hudai uthibitisho usioacha shaka kwa sababu inaweza kumnyima mtu uhuru wake. Mwajiri anayemzuia mtu kucheza mechi kadhaa hahitaji kiwango hicho. Anachohitaji ni uchunguzi makini na nafasi ya mtuhumiwa kusikilizwa na mtu asiye na maslahi.

Hapo ndipo NFL imekwama muda mrefu, kwani kamishna alikuwa mchunguzi, hakimu na mwenye kauli ya mwisho. Mkataba wa mwaka 2020 na chama cha wachezaji ulimleta mwamuzi aliyeteuliwa na pande zote mbili, jambo jema, ila rufaa ikaachwa mikononi mwa kamishna au mtu atakayemteua. Besiboli ilitangulia kwa njia bora zaidi: sera ya Agosti 2015 ilikubaliwa na ligi pamoja na chama cha wachezaji, rufaa inakwenda kwa msuluhishi, na bodi ya wataalamu hupanga matibabu. Chini ya sera hiyo mchezaji Aroldis Chapman alifungiwa mechi 30 mwaka 2016, ingawa hakufunguliwa mashtaka yoyote.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la wake wa wachezaji wenyewe. Mchezaji akifungiwa bila malipo, njaa huingia pia kwa aliyepigwa na watoto wake, na mwanamke anayejua hivyo atanyamaza. Sioni kuwa hili ni sababu ya kuacha kuadhibu. Ni sababu ya kuandika ndani ya mikataba kwamba sehemu ya mshahara unaozuiliwa iende kwenye matunzo ya familia, ikisimamiwa na mtu asiyelipwa na timu, na kwamba mwanamke aweze kuipata hata akiamua kutotoa ushahidi.