Mbasa wa Mto Songwe: Malengo ya Urejeshaji

Mbasa (Opsaridium microlepis, Malawi huitwa mpasa) ni samaki wa rangi ya fedha wa Ziwa Nyasa. Hukulia ziwani akila dagaa waitwao usipa, kisha hupanda mitoni kutaga kwenye changarawe ya maji yaendayo kasi. Hapatikani penginepo duniani ila katika ziwa hilo na mito yake. Mwaka 2006 IUCN ilimweka miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Mto

Songwe inayozungumziwa hapa ni ile ya mpaka wa Tanzania na Malawi, inayopita Ileje hadi Kyela. Songwe nyingine, na Momba ya upande wa Tunduma, humwaga maji Ziwa Rukwa na hazina mbasa.

Malengo

Mafanikio ya uvuvi yamezoeleka kupimwa kwa tani zinazopakuliwa mwaloni, na kwa mbasa kipimo hicho kinapotosha. Samaki huyu hukusanyika mdomoni mwa mto anapotaka kupanda, hivyo nyavu zilizotegwa hapo hujaa hata wakati idadi yake inaporomoka ziwani. Samaki aitwaye ningu wa Ziwa Viktoria alikaribia kuangamizwa kwa njia hiyohiyo: nyavu za makila zilitegwa kwenye midomo ya mito, wazazi wakavuliwa kabla ya kutaga, na uvuvi uliokuwa mkubwa ukaanguka katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo lengo la kweli la kumrejesha mbasa linapaswa kuwekwa mtoni: wazazi wa rika mbalimbali wafike kwenye changarawe, na vifaranga washuke salama ziwani, kwa miaka kadhaa mfululizo. Mwaka mmoja wa mvua nzuri hauthibitishi kitu. Lengo la namna hii linamgusa mkulima sawa na mvuvi, kwa kuwa tope linaloshuka kutoka mashamba ya miteremko ya Ileje na Mbozi hufunika changarawe na kuyanyima mayai hewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katazo hilo, likisimamiwa, lina faida zaidi kwa mbasa kuliko doria nyingi za ziwani. Uzio wa kuvulia unaokatiza mto na sumu ya utupa navyo vihesabiwe, maana kizuizi kimoja chaweza kufuta kazi yote ya juu yake.

Pingamizi

Husemwa kwamba lengo haliwezi kuwekwa pasipo hesabu ya zamani. Hoja hiyo ina uzito, lakini idadi ya kale si kigezo pekee. Mto Bua wa Malawi, ambao sehemu yake hupita ndani ya Hifadhi ya Nkhotakota, unaweza kutumika kama mto wa kulinganishia. Wengine hupendekeza kuzalisha vifaranga mabwawani na kuwamwaga mtoni. Njia hiyo huongeza samaki, ila wakikosa changarawe safi kazi hiyo italazimika kurudiwa kila mwaka, na huko ni kufuga wala si kurejesha. Pingamizi zito zaidi ni bwawa la Songwe ya Chini, lililopangwa kuzalisha takribani megawati 180. Wakazi wa bonde wanahitaji umeme na kinga dhidi ya mafuriko ambayo yamekuwa yakihamisha mkondo wa mto, na hakuna lengo la samaki litakalodumu likipuuza hilo. Hata hivyo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka maji ya kulinda mazingira yatengwe. Kiasi cha maji yatakayoachiliwa, na msimu wake, kinapaswa kuamuliwa kwenye michoro, kwa kuwa ukuta ukishajengwa mbasa hana njia nyingine ya kupanda.

Hali ya sasa

Tanzania na Malawi zilitia saini mwaka 2017 mkataba wa Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, yenye makao Kyela. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) nayo ina kituo huko.