Kware na Tundu Lake

Ndege afugwaye husahau kidogo kidogo maarifa ya porini, na kila alisahaulo huwa ni deni juu ya mfugaji wake. Historia ya kware wa Japani yatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Zamani za Edo, tangu mwaka 1603 hata 1868, kulikuwa na Wajapani waliofuga kware kwa ajili ya sauti yake. Waliwatia madume katika matundu madogo, wakawakutanisha ili kushindanisha milio yao. Baadaye watu walitamani zaidi mayai na nyama, na kati ya mwaka 1910 na 1941 ufugaji ukaenea upesi. Kware huyu huanza kutaga apatapo umri wa majuma sita hivi, na yai lake huanguliwa kwa siku 17 au 18. Lakini majike wengi wa kufugwa wamekwisha kupoteza desturi ya kuatamia, hata vifaranga hutegemea mashine ya binadamu.

Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, chakula kilikuwa haba hata kwa watu. Kware walioteuliwa kizazi baada ya kizazi kwa uzuri wa sauti wakatoweka. Baada ya mwaka 1945 ufugaji ulianzishwa upya kwa ndege wachache. Mayai yalirudi, waimbaji hawakurudi.

Hapa Kenya nasi tulipata somo letu. Mwaka 2013 wengi walikimbilia kufuga kware, wakiambiwa kwamba mayai yake ni dawa. Mwaka 2014 bei ilianguka, na wengi wakaacha ufugaji huo.

Basi ukitaka kumfuga kwa mapenzi, jua kwanza tabia yake. Yeye ni ndege wa ardhini, halali juu ya tawi. Mpe sakafu kavu, majani ya kujificha, na mchanga wa kujioshea. Akishtuka huruka wima kama mshale na kujigonga kichwa. Kwa hiyo paa liwe chini, kama sentimita 30, asipate nguvu ya kuruka, ama liwe juu, kama mita 2, nalo liwe la wavu laini.

Na kabla hujapigilia msumari wa kwanza, jiulize: siku faida itakapokoma, nani atamlisha? Porini hajui tena kuishi.