Mchuuzi wa Chumvi ya Katwe



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kumtaja mtu wa zamani wa nchi hii ya Kasese ambaye hakuachiwa sanamu wala barabara yenye jina lake: mchuuzi wa chumvi.

Ziwa Katwe, kusini mwa Rukoki, limo ndani ya shimo la volkano. Maji huingia, hayana pa kutokea. Jua huyakausha, chumvi hubaki. Wanaume huzama hadi kifuani wakibandua mawe ya chumvi, na maji yale huchoma kila penye kidonda. Wanawake hutunza vidimbwi vya ukingoni. Kwa mila, aliye katika siku zake haingii.

Mchuuzi alifunga mzigo kwa majani, akaubeba hadi milimani kwa Wakonzo, au akavuka mto Lhubiriha hadi kwa Wanande. Alibadilisha chumvi kwa chakula, mbuzi na majembe. Alikuwa mtu wa peke yake kweli: duka hana, mizani hana, na mvua aliiogopa kuliko chui. Chui hula mtu mmoja. Mvua huyeyusha chakula cha nyumba nzima.

Wakubwa waligombania chumvi hiyo. Mfalme Kabalega wa Bunyoro aliishika Katwe. Stanley alipita mwaka 1889, na mwaka 1891 Lugard akajenga ngome ya Fort George, ili Kabalega akose mapato yake. Mchuuzi aliendelea kutembea. Lakini mwaka 1910 Wazungu walipatana juu ya mpaka, njia yake ikakatwa katikati: jana alikwenda kwa shemeji, leo anaambiwa ameingia nchi nyingine. Hilo sisi wa kambini hatuhitaji kufafanuliwa.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Baadaye kikajengwa kiwanda kikubwa cha chumvi pale Katwe. Kikafa upesi, mabomba yameliwa na chumvi yenyewe. Vidimbwi vya akina mama vingali vinatoa chumvi.

Wapo wanaotaka akina mama wapimao chumvi kwa kijiko karibu na bomba letu la maji waondolewe. Kamati inawaomba waje kwanza mkutanoni, na akina mama wenyewe wawepo.