Tarumbeta, Beni na Yufoniamu: Habari za Jina Lililokosekana Mrima

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, tangu Jasini hata Pangani, vyombo vya kupulizwa havikosi majina, na kila jina lina kazi yake. Siwa ni ya enzi. Madiwani wa Vumba, waliotawala karibu na mpaka wa sasa wa Kenya na Tanzania, waliihesabu miongoni mwa alama za ufalme wao. Mbiu na baragumu ni za kuwaita watu, na ndiyo maana ya mithali isemayo kwamba la mgambo likilia lina jambo. Zumari ni ya ngoma na arusi. Lakini kipo chombo kimoja cha shaba kilichofika pwani hiyo pamoja na bendi za Wazungu, nacho hakikupata jina la Kiswahili linalojulikana na wote. Chombo hicho ni yufoniamu. Wapo watakaosema kwamba kukosekana kwa jina ni dalili ya umaskini wa lugha. Historia ya maneno yenyewe yaonyesha vingine.

Yufoniamu ni bomba la shaba lenye urefu wa kadiri ya futi 9, lililokunjwa na kupanuka polepole tangu mahali pa kupulizia hata kwenye kinywa chake. Lina vali tatu au nne za kubadilisha sauti, nazo vali ni ufundi uliobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19. Upana huo wa polepole ndio unaoifanya sauti yake iwe nene na laini, tofauti na ukali wa tarumbeta ndogo. Kutungwa kwake huhusishwa na Sommer wa Weimar, yapata mwaka wa 1843. Jina latokana na Kiyunani: eu ni jema, phone ni sauti, yaani, chombo chenye sauti njema. Hata hivyo Wajerumani wenyewe hawakulishika sana jina hilo, bali chombo cha namna hiyo hukiita Bariton.

Sifa ya sauti njema haikuwa ngeni pwani. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, mwandishi wa habari za safari hiyo aliziona pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, ndefu kama kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni, akasema kwamba sauti yake ilipatana vizuri na ya tarumbeta. Safari hiyohiyo iligusa nchi ya Tanga, kwani jahazi la São Rafael lilipanda mwamba mbele ya Mtang'ata, na mwaka wa 1499, katika kurudi, likachomwa moto palepale kwa uchache wa mabaharia.

Kwa Wareno hao ndiko linakoelekea kutoka neno tarumbeta. Kireno husema trombeta, na Kiingereza trumpet. Kama Waswahili wangalilitwaa kwa Waingereza, ingalitazamiwa sauti ya p ibaki. Lakini neno lina mb, na mwisho wake ni -eta kama katika Kireno. Basi tarumbeta lina ukoo mmoja na meza, bendera, gereza na karata, nalo lilikuwa limekwisha kuwa la wenyeji kabla ya bendi ya kwanza ya Kiingereza kupiga pwani.

Neno beni lina habari nyingine. Latokana na Kiingereza band, nalo lilikuwa jina la ngoma iliyoanza katika miji ya Mombasa na Lamu katika miaka ya 1890, ambamo vijana waliigiza gwaride, mavazi na vyeo vya askari. Kiswahili hakikukosa uwezo wa kutamka nd, kwani kina kanda, panda na tundu. Yaelekea, basi, kwamba neno lilipokewa kwa sikio, na d ya mwisho, isiyosikika sana, ikapotea. Baadaye neno lilelile likaja mara ya pili kwa njia ya shule na maandishi, likawa bendi. Hivyo Kiswahili kina watoto wawili wa mama mmoja: beni ni ngoma ya mitaani, bendi ni kundi la wapiga muziki.

Tanga palikuwa na sababu ya pekee ya kuipenda shaba. Shule ya serikali ya Wajerumani, iliyoanzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1890, ilikuwa na bendi ya wavulana; na ni shule hiyo iliyochapisha gazeti la Kiongozi. Kabla ya vita vya 1914 vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilikuwa vimekwisha simama katika miji ya pwani, Marini wakijiona watu wa cheo, Arinoti wakiwa zaidi watu wa chini. Vita vikaieneza beni barani pamoja na askari na wapagazi. Mwaka wa 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Tanga. Kwa hiyo chombo kilekile, kama kilikuwamo katika bendi, kiliitwa Bariton na bwana wa kwanza na yufoniamu na bwana wa pili, na hapana jina hata moja katika hayo lililopata nafasi ya kuota mizizi.

Lakini sababu kubwa zaidi imo katika kazi ya chombo. Siwa ilitajwa peke yake kwa kuwa ilisikiwa peke yake, na aliyeisikia alijua ni nani anayetawazwa. Yufoniamu husikiwa ndani ya kundi, na mtazamaji wa beni hakushindania chombo bali chama. Hata palipokosekana shaba, ngoma haikufa: kando ya Ziwa Nyasa, katika malipenga, ngoma iliyo mtoto wa beni, vibuyu vilivyowambwa utando wa buibui viliitoa sauti ya tarumbeta. Kilichohitaji jina kilikuwa umoja wa sauti, nacho kilipewa.

Jambo hilo laonekana hata leo. Katika arusi na katika makanisa ya Kilutheri husemwa matarumbeta, na neno hilo halina maana ya tarumbeta nyingi tu, bali kundi zima, pamoja na vyombo vinene na ngoma zake. Kiambishi ma- kimefanya kazi ambayo orodha ya majina haikuifanya.

Mtunga kamusi aweza kuandika yufoniamu, wala hapana kosa la matamshi. Lakini neno hilo likitoka kwa Kiyunani na kupitia Kiingereza, litafika bila maana yake, kwa sababu msikiaji wa Tanga hataisikia ndani yake sauti wala wema. Yafaa kwanza waulizwe wapigaji wenyewe wanakiitaje chombo wanapokipokezana, na jibu lao liandikwe kabla ya jina jipya kutungwa. Beni na tarumbeta hazikutungwa na kamati yo yote, nazo zimedumu.