Haki ya Washindi: Mahakama ya Tokyo na Hukumu ya Historia juu ya Japani

Mahakama ya Tokyo, kwa jina kamili Mahakama ya Kijeshi ya Kimataifa ya Mashariki ya Mbali, ilifunguliwa Mei 3, 1946 na kumaliza kazi Novemba 12, 1948. Iliwahukumu viongozi wa Japani kwa vita walivyopigana barani Asia na katika Bahari ya Pasifiki. Kati ya washtakiwa 28, 25 walitiwa hatiani na saba wakanyongwa. Tangu wakati huo imeandamwa na lawama ya kuwa "haki ya washindi", yaani aliyeshinda vita kumhukumu aliyeshindwa huku mwenyewe hagusiki. Mjadala huo huchanganya maswali mawili: je, matendo waliyoshtakiwa Wajapani yalitendeka? Na je, mahakama iliyowahukumu ilitenda haki? La kwanza lina ushahidi mzito. La pili bado linagawa wanasheria na wanahistoria.

Kuundwa kwa mahakama

Tamko la Potsdam la Julai 26, 1945 liliionya Japani kwamba wahalifu wa kivita wataadhibiwa vikali. Japani ilikubali kusalimu amri Agosti 15 na kutia saini Septemba 2 mwaka huohuo. Septemba 11, Wamarekani walipokwenda kumkamata aliyekuwa Waziri Mkuu, Jenerali Tojo Hideki, alijipiga risasi kifuani. Madaktari wa Kimarekani wakamwokoa, naye akaishi hadi kupandishwa kizimbani.

Mkataba wa mahakama ulitangazwa Januari 19, 1946 kwa amri ya Jenerali Douglas MacArthur, kamanda mkuu wa majeshi yaliyoikalia Japani. Makosa yalikuwa ya aina tatu: uhalifu dhidi ya amani (yaani kuanzisha vita vya uvamizi), jinai za kivita za kawaida, na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Majaji walikuwa 11, kutoka Australia, Kanada, China, Ufaransa, India, Uholanzi, New Zealand, Ufilipino, Umoja wa Kisovyeti, Uingereza na Marekani. Kiti cha rais wa mahakama kilishikwa na William Webb wa Australia, na kiongozi wa mashtaka alikuwa Joseph Keenan wa Marekani. Vikao vilifanyika Ichigaya, katika jengo lililokuwa la jeshi la Japani.

Siku ya ufunguzi, mshtakiwa Okawa Shumei, mwanafalsafa wa siasa za utaifa, alinyoosha mkono na kumpiga Tojo kofi la kipara mbele ya majaji. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na mashtaka yake yakaondolewa. Huko alijishughulisha na kutafsiri Kurani kwa Kijapani, na tafsiri yake ilitoka mwaka 1950. Washtakiwa wengine wawili, Matsuoka Yosuke na Nagano Osami, walifariki kabla ya hukumu.

Matendo yaliyothibitishwa

Mahakama ilisikiliza mashahidi 419 na kupokea vielelezo zaidi ya 4,000. Sehemu nzito ilihusu Nanjing, mji mkuu wa China wakati huo, ulioangukia mikononi mwa Wajapani Desemba 1937. Kasisi John Magee na daktari Robert Wilson, Wamarekani waliobaki mjini humo, walieleza walivyoona wanaume wakiswagwa makundi kwa makundi kwenda kuuawa, na wanawake waliobakwa wakiletwa hospitali. Mahakama ilikadiria kwamba waliouawa ndani na pembezoni mwa mji walizidi 200,000. Serikali ya China hutaja 300,000, na baadhi ya wanahistoria wa Kijapani hutaja idadi ndogo zaidi. Ubishi wa wataalamu uko kwenye hesabu. Kutokea kwa mauaji yenyewe kunakubaliwa hata na serikali ya Japani.

Ushahidi mwingine ulihusu wafungwa wa kivita. Kwa hesabu ya mahakama, kati ya askari wa Marekani na Uingereza 132,134 waliotekwa na Japani, 35,756 walikufa, sawa na asilimia 27. Waliotekwa na Ujerumani na Italia walikuwa 235,473, na waliokufa 9,348, yaani asilimia 4. Wengi walimalizwa na njaa, maradhi na kazi ngumu, kama zile za ujenzi wa reli ya kutoka Siam hadi Burma, ambako wafungwa zaidi ya 12,000 walikufa pamoja na makumi ya maelfu ya vibarua wa Kiasia. Jijini Manila, Februari 1945, raia wapatao 100,000 walikufa katika mapigano ya mwezi mmoja. Wengine waliuawa na mizinga ya Wamarekani, lakini wengi walichinjwa, kuchomwa moto au kupigwa risasi na askari wa Japani waliokuwa wamezingirwa.

Hukumu

Watu saba walihukumiwa kunyongwa: Tojo Hideki, Hirota Koki, Itagaki Seishiro, Doihara Kenji, Matsui Iwane, Kimura Heitaro na Muto Akira. Walinyongwa katika gereza la Sugamo Desemba 23, 1948. Wengine 16 walipewa kifungo cha maisha, Togo Shigenori miaka 20, na Shigemitsu Mamoru miaka saba.

Matsui, aliyekuwa kamanda wa majeshi yaliyoteka Nanjing, alinyongwa kwa kushindwa kuyazuia mauaji. Hirota ndiye raia pekee kati ya hao saba. Kosa lake kubwa, kwa mujibu wa hukumu, ni kwamba akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alipokea taarifa za Nanjing, akaridhika na ahadi za jeshi na kuacha kulisukuma suala hilo katika baraza la mawaziri.

Hoja ya haki ya washindi

Lawama ya kwanza inahusu waamuzi. Majaji wote walitoka katika mataifa yaliyopigana na Japani au makoloni ya mataifa hayo. Webb mwenyewe alikuwa amechunguza ukatili wa Wajapani huko New Guinea kabla ya kuketi kuuamua. Jaji Delfin Jaranilla wa Ufilipino alikuwa mmoja wa wafungwa walioswagwa katika msafara wa kifo wa Bataan mwaka 1942. Kwa kawaida ya mahakama yoyote, jaji mwenye historia kama hiyo hujitoa katika kesi.

Lawama ya pili ni ya kisheria. Mkataba wa Paris wa 1928 ulipiga marufuku vita kama chombo cha sera za nchi, lakini haukusema kwamba kiongozi atakayeuvunja atabeba hatia yeye binafsi. Watetezi walisema sheria imetungwa baada ya tendo. Mahakama ilijibu kwa kuufuata uamuzi wa mahakama ya Nuremberg, kwamba anayemvamia jirani anajua anatenda kosa.

Lawama ya tatu ndiyo inayotajwa mara nyingi: nyani haoni kundule. Mei 14, 1946 wakili wa utetezi Ben Bruce Blakeney, meja wa jeshi la Marekani, alisimama na kusema kwamba ikiwa kuua vitani ni mauaji ya jinai, basi wapo wanaojulikana waliopanga na kuamuru bomu la Hiroshima. Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, ndege za Marekani ziliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo na kuua watu wapatao 100,000. Umoja wa Kisovyeti uliivamia Manchuria Agosti 1945 ilhali mkataba wake na Japani wa kutoegemea upande wowote ulikuwa haujaisha muda, kisha ukawapeleka mamia ya maelfu ya mateka wa Kijapani kwenye kambi za kazi za Siberia. Uholanzi na Ufaransa zilikuwa na majaji Tokyo wakati majeshi yao yakipigana kurudisha ukoloni Indonesia na Vietnam. Hakuna lolote kati ya hayo lililofikishwa mbele ya mahakama.

Majaji waliopinga

Radhabinod Pal wa India aliandika rai pinzani ya kurasa zaidi ya 1,200 akitaka washtakiwa wote waachiwe. Aliona kwamba njama ya kuanzisha vita haikuthibitishwa, na kwamba mataifa yaliyojenga himaya zao kwa mtutu wa bunduki hayawezi kuugeuza uvamizi kuwa jinai pale tu unapofanywa na mwingine. Wazalendo wa Kijapani wamemjengea mnara katika hekalu la Yasukuni, linalowaenzi Wajapani waliokufa vitani. Wanachokipitia juujuu ni kwamba Pal alikubali kuwa ushahidi wa ukatili wa askari wa Japani ni mwingi mno. Alichokataa ni kuwatwika hatia hiyo viongozi waliokuwa kizimbani.

Bert Röling wa Uholanzi alitaka watu watano, Hirota akiwamo, waachiwe huru. Henri Bernard wa Ufaransa alilaumu taratibu za kesi na kusema kwamba mhusika mkuu alikuwa amekwepeshwa mashtaka.

Walioachwa nje

Mhusika huyo ni Mfalme Hirohito. Januari 1946 MacArthur aliionya Washington kwamba kumshtaki kungezua machafuko ambayo yangehitaji askari wasiopungua milioni moja kuyatuliza. Mfalme hakushtakiwa wala kuitwa kama shahidi.

Daktari na Jenerali Ishii Shiro aliongoza Kikosi 731 karibu na Harbin, ambako watu walipasuliwa wakiwa hai na kuambukizwa tauni kwa majaribio ya silaha za vijidudu. Wamarekani walimpa kinga yeye na wenzake ili wapate matokeo ya majaribio hayo. Wasovyeti waliwahukumu watu 12 wa mradi huo huko Khabarovsk Desemba 1949.

Wanawake wa Korea, China, Ufilipino, Indonesia na kwingineko waliotiwa katika madanguro ya jeshi hawakupata shtaka lao Tokyo. Mateso yao yalirudi hadharani mwaka 1991, Mkorea Kim Hak-sun alipotoa ushahidi wake waziwazi. Korea, iliyotawaliwa na Japani tangu 1910, haikuwa na jaji. Badala yake, Wakorea 148 waliolitumikia jeshi la Japani, wengi wao wakiwa walinzi wa kambi, walihukumiwa kama Wajapani katika mahakama nyingine, na 23 kati yao wakauawa.

Mahakama nyingine hizo zilikuwa nyingi: kesi zaidi ya 2,200 zilizoendeshwa na mataifa mbalimbali dhidi ya watu wapatao 5,700. Maarufu zaidi ni ya Jenerali Yamashita Tomoyuki, aliyenyongwa Februari 23, 1946 kwa mauaji ya Ufilipino, ingawa haikuonyeshwa kwamba aliyaamuru. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipolikataa ombi lake, majaji wake wawili, Frank Murphy na Wiley Rutledge, waliupinga uamuzi huo kwa maneno makali.

Kumbukumbu nchini Japani

Kwa Mkataba wa San Francisco wa 1951, Japani ilizikubali hukumu hizo. Hata hivyo, vita baridi vilibadili hesabu. Kufikia mwaka 1956 wafungwa wote wa kesi ya Tokyo waliokuwa hai walikuwa wametoka gerezani. Shigemitsu alirudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na Kishi Nobusuke, aliyeshikiliwa miaka mitatu bila kushtakiwa, akawa Waziri Mkuu mwaka 1957.

Mwaka 1978 majina ya watu 14 wa kesi ya Tokyo yaliingizwa kwa siri katika hekalu la Yasukuni. Kila kiongozi wa Japani anapolizuru, China na Korea hulalamika. Kwa upande mwingine, mwanahistoria Ienaga Saburo alipambana na serikali mahakamani kuanzia 1965 hadi 1997 kupinga kuchujwa kwa vitabu vya shule, na Agosti 15, 1995 Waziri Mkuu Murayama Tomiichi aliomba radhi kwa uvamizi na utawala wa kikoloni.

Urithi hadi Arusha na Kampala

Askari kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipigana na Wajapani Burma wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, lakini nchi zao, zikiwa chini ya Uingereza, hazikuwa na sauti Tokyo. Sheria iliyozaliwa huko iliwafikia baadaye. Mwaka 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mjini Arusha, ilipomhukumu Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, ililitazama suala la wajibu wa kiongozi wa kiraia kwa matendo ya walio chini yake, ikarejea kesi ya Hirota pamoja na upinzani wa Röling. Mahakama hiyo nayo ililaumiwa kwa haki ya washindi, kwa kuwa hakuna mpiganaji wa RPF, upande ulioshinda vita nchini Rwanda, aliyeshtakiwa mbele yake. Mwaka 2010, mkutano wa Kampala ulikubaliana juu ya maana ya kosa la uvamizi katika sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Hivyo pengo ambalo watetezi wa Tokyo walililalamikia lilipata maandishi, miaka 62 baada ya hukumu.

Tathmini

Mwanahistoria Richard Minear aliishambulia mahakama hii katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki ya washindi. Baadaye watafiti kama Totani Yuma walionyesha kwamba waendesha mashtaka walikusanya ushahidi mpana kuliko ilivyodhaniwa, hasa juu ya ukatili dhidi ya Waasia. Pande zote mbili zina hoja. Hukumu ya Hirota ni dhaifu, shtaka la uvamizi lilitangulia sheria iliyo wazi, na walioangusha mabomu juu ya raia hawakuhojiwa. Lakini Hiroshima haiifuti Nanjing, kama ambavyo Nanjing haiihalalishi Hiroshima. Aibu kubwa zaidi ya Mahakama ya Tokyo ni wale iliowaacha: mfalme, madaktari wa Harbin, na wanawake ambao kilio chao kilisubiri karibu nusu karne kusikilizwa.